Ngazi ya Serafin

Miti ya baba ilikuwa kumi na saba
na kila mmoja ulikuwa na jina:
Mjane, Askofu, Ng'ombe wa Jirani,
na ule wa kando ya mfereji, ulioitwa tu Wewe.
Ilirefuka hadi kivuli chake kikaingia jikoni,
na tufaha bora, miaka yote, lilikaa pale
mkono usipofika.

Mimi nina miti elfu tisa.
Haina majina. Ina safu na namba:
safu ya kumi na nne, mti wa mia mbili na tatu,
shibiri nne kutoka kwa mwenziwe,
mwembamba kama ufito,
umefungwa kwenye waya kati ya nguzo za zege
kama mtoto wa chekechea anayevushwa barabara
akiwa ameshika kamba.

Chini ni shina la kibete,
mizizi mifupi, mivivu, isiyotaka makuu.
Juu ya kovu lenye ukubwa wa ngumi
tumepandikiza tawi la mti mwingine.
Mizizi ikisema basi, tawi hutii,
na nguvu ambayo ingekuwa mbao inakuwa tunda.
Mwaka wa pili tu, unazaa.
Ukate waya, unaanguka
kwa uzito wa matunda yake mwenyewe.

"Huu si mti," baba alisema,
akiutikisa kwa vidole viwili.
"Ni fimbo iliyokopa majani."

Sikumjibu.
Nilikuwa na miaka minane alipoanguka kutoka kwa Askofu.
Nilisikia tawi, kisha ngazi, kisha hakuna.
Matufaha yakabingirika hadi miguuni pangu,
mengine bila hata alama.
Tangu siku hiyo mguu wake wa kushoto
hufika baada yake.

Kwa hiyo nilipolichora shamba langu,
kipimo cha kwanza nilichoandika hakikuwa cha udongo.
Kilikuwa mkono wa Hedwig, mke wangu, ulioinuliwa,
kutoka unyayo hadi ncha ya kidole.
Hapo, nikasema, ndipo miti ikome.

Kumi na sita tuliing'oa kwa trekta siku moja,
baba akiwa ndani, redio ikipiga kelele.
Wewe tukauacha.
Ngazi aliitundika ghalani kwa misumari miwili.
"Serafin anaipaka mafuta tena," Hedwig aliniambia
Jumamosi moja, na Jumamosi nyingine, na nyingine.

Kisha ukaja ule usiku wa Aprili.
Maua yote yamefunguka, bonde zima la Venosta,
mbingu safi kupita kiasi,
marumaru ya Lasa ikimeta mlimani kama jino.
Saa tisa usiku nikafungua maji.
Maji hunyesha juu ya ua, huganda,
na katika kuganda hutoa kajoto, kadogo tu,
kanakotosha ua lisife.
Tunayavisha barafu ili baridi isiyaue.
Ila maji yasisite. Yakisita, shuka inageuka sanda.

Safu ya kumi na nne, yakasita.
Kinyunyizio kilikuwa kimeziba juu ya nguzo, mita nne,
na mimi, niliyejenga shamba la watu wasiopanda,
sikuwa na kitu cha kupandia.

Nilisikia mguu kabla sijamwona:
mmoja; kimya; wa pili.
Ngazi begani, tochi kinywani.
Juu ya fimbo zangu hakusema neno.
Aliiegemeza, akaitikisa mara mbili,
akakikanyaga kipandio cha chini kwa mguu ulio mzima.
"Panda," alisema. "Nimeshika."

Nilichokitoa ni chembe ya mchanga,
ndogo kuliko kokwa ya tufaha.
Maji yakarudi, yakanipiga usoni.
Na kutoka huko juu nikaliona shamba langu kwa mara ya kwanza,
safu zote zikigeuka kioo,
fimbo elfu tisa zimeshikana waya kwa waya,
na chini kabisa kofia ya baba,
barafu ikijijenga juu yake taratibu,
naye haiachii ngazi.